Simon Kimbangu: miaka 30 mu boloko ya mji wetu

Kuko jambo moja ambalo vijana wengi wa komini ya Kenya, wa Katuba na wa kamp za Gécamines hawalijui. Mu huu mji wetu, wakati ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, alikufa mfungwa mmoja ambaye leo jina lake linaimbwa toka Matadi mpaka Kisangani, ku Angola, ku Brazzaville na mpaka Ulaya. Hakuwa mtu wa Katanga. Hakukuja huku kutafuta kazi ya shaba kama babu zetu. Aliletwa na minyororo, akafungiwa hapa miaka 30, na hapa njo alipokatia roho. Watu wanapenda kuhesabu miaka ya Mandela, nao wana haki: miaka 27 si mchezo. Lakini yetu ni 30, na sisi wenyewe tunaisahau.

Mji uliitwa Elisabethville tangu 1910, kwa heshima ya malkia Elisabeth, bibi ya mfalme Albert wa kwanza wa Ubelgiji. Na ni huyu huyu Albert aliyebadilisha hukumu ya kifo ya Simon Kimbangu kuwa boloko ya maisha. Mume aliondoa kamba ku shingo, na mji wenye jina la bibi yake ukafunga mlango.

Alifanya kosa gani? Hakuua mtu. Hakuiba. Hakukamata bunduki. Ili tuelewe kosa lake, inafaa tuanze mbali kidogo, ku meza ya wazungu wenyewe.

Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884, ukaisha Februari 1885. Mwafrika hata mmoja hakukaa ku ile meza. Mkataba waliotia sahihi unaanza kwa jina la Mungu Mwenyezi. Kiisha yake njo wanakuja wafalme, biashara na mto Kongo. Hii haikuwa desturi ya karani tu. Wale watu waliamini kabisa kwamba Mungu amewachagua wao ili washike nchi za wengine, kuzifundisha na kuzitawala. Leopold wa pili, ambaye hakukanyaga udongo wa Kongo hata siku moja, alijionyesha mbele ya dunia kama mtu wa huruma anayepigana na biashara ya watumwa. Mu 1906, ule mwaka Union Minière ilizaliwa, alifanya mapatano na Roma: misioni za Kikatoliki zipewe udongo, nazo zifungue masomo chini ya macho ya Leta. Msalaba, kompanyi na bendera vilianza kutembea njia moja, na mzee wetu wa kijiji hakuweza kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Wabelgiji hawakuwa peke yao. Ku Afrika ya Kusini, ambako wengi wa wazee wetu walikwenda kuchimba, Makaburu walijihesabu kuwa Israeli mpya: waliondoka mu mikono ya Waingereza sawa vile Waebrania waliondoka Misri, na vita ya mto Ncome ya 1838 waliifanya ukumbusho wa agano na Mungu. Waingereza nao, na Waamerika, kila mmoja alisoma Bibilia na kujiona mule. Ubaya wa hii hesabu ni kwamba kama wewe ni Israeli na nchi uliyofikia ina watu, basi wale watu wanakuwa Wakanaani. Na tunajua Wakanaani walifanyiwa nini.

Simon Kimbangu alizaliwa ku Nkamba, kijiji cha juu ya kilima mu Kongo ya Chini, mu 1887. Wengine wanaandika 1889. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na ndugu ya mama yake, jina lake Kinzembo. Karibu na Nkamba kulikuwa misioni ya Wabaptisti Waingereza, Ngombe Lutete. Ku ile misioni alifanya kazi muzungu mmoja, Bentley, ambaye pamoja na wasaidizi wake Wakongo aliweka Agano Jipya mu Kikongo. Lilitoka mu 1893. Mu 1905 Bibilia nzima ikatoka mu Kikongo kwa kazi ya Laman, mtu wa Sweden. Tunataka msomaji aangalie hizi tarehe mbili. Mpaka pale, neno la Mungu lilipita mu kinywa cha muzungu, naye alichagua la kutoa na la kuacha. Siku kitabu kilianza kusema Kikongo, kijana wa Nkamba aliweza kukaa chini ya muti na kusoma mwenyewe habari ya Farao, ya watumwa waliofyatua matofali, na ya Mungu aliyesikia kilio chao. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza Farao ni nani mu Kongo ya 1910.

Tena udongo wa kule ulikuwa na kumbukumbu yake. Mu 1706, ku ufalme wa Kongo, walimchoma moto binti mmoja, Kimpa Vita, ambaye wengine wanamwita Dona Beatriz. Yeye alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, si mbali ya bahari, na kwamba watakatifu wako weusi pia. Mapadri Wakapuchini walikuwako wakati wa kifo chake. Hatuwezi kusema Kimbangu alijifunza kwake. Miaka mia mbili ni mingi. Lakini swali lilikuwa lile lile: je, Mungu anaweza kuanza kazi yake hapa kwetu, au ni paka ngambo?

Kimbangu alibatizwa tarehe 4 Julai 1915 pamoja na bibi yake, Marie Muilu. Walipata wana watatu wa kiume: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Akafundisha, akahubiri vijijini. Mu 1918, wakati mafua makubwa yaliua watu dunia nzima na Kongo ya Chini ilizika bila kupumzika, anasimuliwa kwamba alisikia sauti ikimwita achunge kundi. Hakuitika. Sawa vile nabii Yona, alikimbia: alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, akafanya kazi ku kompanyi ya mafuta ya mawese. Hii sehemu tunaipenda, sababu inaonyesha mtu ambaye hakujitafutia ukubwa. Lakini mji haukumpa raha, akarudi ku kijiji.

Halafu inakuja tarehe 6 Aprili 1921. Ku kijiji cha Ngombe Kinsuka alikuwako mama mmoja mgonjwa sana, jina lake Nkiantondo. Kimbangu aliingia, akaweka mikono juu yake kwa jina la Yesu, na mama akasimama. Kila msomaji ataamua mwenyewe namna ya kuipokea hii habari. Sisi tunaisema jinsi wale waliokuwako walivyoipeleka. Kisichobishaniwa ni kilichofuata. Kwa majuma machache tu Nkamba ikajaa watu. Walikuja kwa miguu, walibeba wagonjwa ku machela, walijaza treni za Matadi. Wagonjwa waliondoka ku hospitali. Wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu, waliacha kazi ya njia ya treni. Makatekumeni wa Kikatoliki waliacha misioni. Ku misioni za Waprotestanti, Bibilia na vitabu vya nyimbo viliuzwa mpaka kuisha.

Na alihubiri nini? Si vita. Alisema watupe minkisi, na walizitupa kwa malundo ku njia. Alisema mwanaume awe na bibi mmoja. Alikataza ngoma za uchafu. Yale misioni walihangaika nayo miaka 40, yeye aliyafanya mu miezi miwili. Alichagua wasaidizi, na kati yao alikuwa binti, Mikala Mandombe. Mtu angefikiri wazungu watafurahi. Wengine mu Waprotestanti walisitasita, hawakujua kama wafurahi au waogope. Bula Matari hakusitasita.

Administratere wa teritware, Léon Morel, alipanda Nkamba tarehe 11 Mei 1921. Alikuta watu wanaimba na kutetemeka, na nabii mwenye amani lakini asiyeinama. Inasimuliwa kwamba Kimbangu alifungua Bibilia mbele yake akasoma habari ya Daudi na Goliati. Kama ni hivyo, Morel hakuhitaji mkalimani. Aliporudi aliandikia wakubwa wake kwamba hii haitabaki kuwa ugonjwa wa kijiji kimoja. Itageuka dini ya weusi wote, inafaa ikatwe mapema. Kwa hili tunasema Morel alikuwa na akili kuliko wengi waliomcheka. Aliona kwamba hatari haikuwa ku panga. Hatari ilikuwa mu wazo: kama Roho Mtakatifu anaweza kushuka ku Nkamba bila kupita Brussels, bila kupita Roma wala London, basi ile kazi ya Mungu ambayo Wabelgiji walisema wamepewa inakuwa kazi gani?

Na ule mwaka wa 1921 wazungu walikuwa na woga mwingine. Ku Marekani, Marcus Garvey wa Jamaika alikuwa anaita weusi wa dunia yote, akisema Afrika ni ya Waafrika. Mu Agosti na Septemba mkutano wa weusi wa nchi nyingi ulikaa London, Brussels na Paris. Ku Kongo ya Chini kukaanza uvumi kwamba weusi wa Amerika watafika na mameli kufukuza Wabelgiji. Kimbangu hakuhubiri hivi, lakini mu boksi la hofu la Bula Matari vyote viliwekwa pamoja.

Tarehe 6 Juni askari walifika kumkamata. Kukawa fujo, risasi zikatoka, na Kimbangu akapotea mu katikati ya watu. Miezi mitatu walimtafuta hawakumpata. Vijiji vilimficha, na vijiji vilipigwa kwa hiyo. Mu Agosti serikali ilitangaza utawala wa askari mu eneo lile. Kiisha, tarehe 12 Septemba, alirudi mwenyewe Nkamba, akajitoa. Mtu anayetaka kufanya maasi harudi hivyo.

Walimhukumu ku Thysville, leo Mbanza-Ngungu, mu tribinale ya askari iliyoongozwa na komanda De Rossi. Hakupewa wakili. Hakukuwa njia ya kukata rufani. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikatoka: fimbo 120 na kifo. Kosa lilikuwa kuharibu usalama wa Leta na kuchochea watu juu ya wazungu. Msomaji ambaye babu yake alikula fimbo ya kompanyi anajua fimbo 120 zina maana gani ku mgongo wa mtu.

Mapadri fulani na wafanyabiashara walitaka auawe upesi. Wamisionari Wabaptisti waliandika kuomba huruma, na mu Novemba mfalme Albert akabadilisha hukumu kuwa boloko mpaka kufa. Mtoto wake mkubwa, Kisolokele, alikuwa na miaka saba. Walimtoa ku familia wakampeleka ku masomo ya Leta ku Boma. Wafuasi walianza kutawanywa mu pembe za nchi, familia kwa familia, ku Lowa, ku Ekafera na kwingine. Kanisa lenyewe linahesabu familia 37 000. Wanahistoria wanabishana juu ya hii hesabu, nasi hatutaki kuipunguza wala kuiongeza. Tunasema tu kwamba Bula Matari, bila kujua, alipanda mbegu kila mahali alipotupa mfungwa.

Simon Kimbangu akaletwa huku kwetu. Kutoka Kongo ya Chini mpaka Elisabethville ni karibu nchi nzima. Ku mji huu hakuna aliyejua Kikongo chake, hakuna ndugu wa kumletea bukari. Ndiyo sababu walimchagulia huku.

Hebu tufikiri ile miaka 30, sababu ni miaka ya wazee wetu pia. Alifika wakati Union Minière ilikuwa bado inaandika wafanyakazi toka Rhodesia na kuwapoteza kila siku kwa magonjwa. Alikuwa mule ndani wakati recruteur walianza kuleta watu wa Kasai na wa Ruanda-Urundi. Alikuwa mule wakati, kuanzia 1928, kompanyi ilibadilisha siasa yake, ikaanza kupenda mfanyakazi mwenye bibi na watoto, ikajenga kamp, ikatoa posho, ikafungua masomo pamoja na mapadri. Alikuwa mule wakati wa krizi ya 1930, watu walipopakiwa mu treni kurudishwa vijijini. Alikuwa mule tarehe 9 Desemba 1941, wakati wafanyakazi walisimamisha kazi kwa ajili ya mshahara, wakakusanyika ku uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi, Léonard Mpoyi akaanguka na wengine wengi pamoja naye. Alikuwa mule wakati mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Marekani, yakaingia mu bomu ya 1945. Mlango wake haukufunguliwa kwa hata moja la hayo.

Siku nyingi alifungwa peke yake. Baadaye walimpa kazi ya jiko. Watu wa boloko walimjua kama mfungwa mtulivu, lakini utulivu haukumletea kitu. Kila mara swali la kumfungua lilipoulizwa, jibu lilikuwa hapana. Marie Muilu alibaki Kongo ya Chini, akiongoza waaminifu kwa siri, usiku, bila kanisa wala kengele.

Mu mji huo huo, na mu miaka hiyo hiyo, aliishi mtu mwingine ambaye wazee wetu wote walimjua: Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne. Alifika 1910 pamoja na Wabenediktini, akawa mkubwa wa Kanisa Katoliki mu Katanga mpaka alipokufa mu 1958. Kwa ajili ya ndevu zake, watu wa mji walisema yeye ni ndugu wa Leopold wa pili, wengine walisema ni mwana wake. Si kweli, alizaliwa Gent, mu familia kubwa ya kule. Lakini uvumi unajua kitu. Watu waliona mu uso wake ile ndoa ya kanisa na dola tuliyoisema hapo juu. Kwake yeye, Ubelgiji ulikuwa na kazi ya Mungu mu Katanga, kazi ya kutengeneza nchi ya Kikristo toka juu, na mweusi alipaswa kupokea. Wakati Mupe Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi kwa Waluba, alitoa hapa mjini mu 1945 kitabu kilichosema kwamba Wabantu wana falsafa yao, Monseigneur alikasirika, akapeleka mashitaka mpaka Roma, na Tempels akajikuta Ubelgiji kwa miaka kadhaa. Kama padri muzungu alipata taabu kwa kusema mweusi ana mawazo, mfungwa mweusi aliyesema mweusi ana Roho Mtakatifu angetegemea nini?

Hatuandiki hivi ili kuponda Monseigneur. Masomo aliyoyafungua, wengi wetu tulipita mule, na ba mama wetu walifundishwa kushona na masista wake. Lakini alikuwa mtu aliyeamini taifa lake limewekewa mkono na Mungu, na mtu wa namna hii, hata akiwa mwema, hasikii vizuri.

Ku kamp zenyewe wazo la Kimbangu halikufika sana. Kwetu ilifika Kitawala, toka Rhodesia, mu mizigo ya wafanyakazi. Nayo ilisema wakati wa wazungu unaisha, Mungu ni mmoja na hana rangi. Na kwetu tuliona pia upande mchungu: mu 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alibatiza watu ku mpaka wa Rhodesia na Katanga, na wale aliowaita wachawi aliwazamisha mu maji, mamia ya watu. Waingereza walimnyonga mu 1926. Huyu pia alisema ametumwa na Mungu kwa weusi. Kwa hiyo tusifanye hesabu rahisi kwamba uteule wa muzungu ni mbaya na wa mweusi ni mzuri. Kimbangu alisema watu watupe minkisi. Mwana Lesa alitupa watu. Wote wawili waliitwa manabii na Bula Matari aliwaweka mu fungu moja. Sisi hatuwezi.

Simon Kimbangu alikufa ku hospitali ya Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Hata ku kitanda cha mwisho walimgombania: ilisemwa kwamba alibatizwa Mkatoliki mbele ya kufa. Familia na kanisa lake wanakataa kabisa. Walimzika hapa hapa.

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka mbio mbio. Mu 1957 wana wake walianza kulitoa kanisa mu giza. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville iliwaka moto. Mama Marie Muilu alikufa Aprili ya ule mwaka, hakuona mwisho. Tarehe 24 Desemba 1959, siku ya mbele ya Noeli, Leta ya Wabelgiji ilitambua Kanisa la Yesu Kristo duniani kwa nabii Simon Kimbangu. Mu 1969 likaingia mu Baraza la Makanisa ya dunia. Mobutu naye, ambaye alipenda kila kitu kilicho cha asili ili mradi kiko mfukoni mwake, alilipa mahali pa heshima wakati makanisa mengine mengi yalifungwa. Kanisa lililozaliwa mu boloko likaketi karibu na kiti.

Hapa inafaa tuseme wazi, ingawa tuko na marafiki wengi mu Wakimbanguisti, na tunapenda kusikia fanfare yao na filimbi zao wakipita na mavazi ya kijani na nyeupe. Nkamba iliitwa Yerusalemu Mpya. Wengi walianza kufundisha kwamba Kimbangu mwenyewe ni Roho Mtakatifu, na wana wake watatu wakapandishwa kuliko wanadamu. Ndiyo maana makanisa mengine yalijitenga nao. Dialungana alipokufa mu 2001, wajukuu waligawanyika juu ya nani mwenye haki ya kuongoza, na wazee waliokula boloko pamoja wakakuta watoto wao hawasalimiani. Mteule wa kwanza hakuacha hata suruali ya pili. Ni warithi walioanza kupima damu.

Sisi watu wa Katanga hatuna ruhusa ya kuwacheka. Mu 1992 na 1993 tuliona hapa Likasi na Kolwezi yale maneno ya mwenye udongo na mgeni yalifanya nini. Familia zilizochimba pamoja toka wakati wa babu zililala ku gare na vitu vyao, wakingoja treni ya Kasai, wengine wakizika watoto pale pale ku reli. Hakuna aliyehitaji Bibilia kwa hiyo kazi; ilitosha kusema sisi njo wenye nchi, wale si wenye. Lakini mzizi ni ule ule wa meza ya Berlin: kuna waliopewa, na kuna waliokutwa. Kuko wasomaji watakaotuandikia kwa ajili ya huu mstari. Waandike.

Tukirudi kwa Kimbangu mwenyewe, kuko kitu kimoja kinachomtenganisha na wote waliosema wamechaguliwa, wazungu na weusi. Wakati askari walipotoka kumtafuta, aliweza kukimbilia ngambo, ku Kongo ya Wafaransa au ku Angola. Mipaka iko karibu na watu ni wa lugha moja. Aliweza pia kuacha umati ule upigane. Alirudi Nkamba kwa miguu. Uteule kwake haukuwa udongo wa kuchukua wala watu wa kuwafukuza. Ulikuwa kazi ambayo mwanzo aliikimbia, na mwisho ilimlipisha maisha yake yote.

Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko mu nchi nzima kwa ajili yake. Watoto wanafurahi hakuna masomo. Mtoto akimuuliza baba yake kwa nini, tunaomba baba asimwambie tu kwamba ni siku ya Wakimbanguisti. Amwambie kwamba ule mzee alikaa hapa, mu mji huu, karibu na sisi, na hatukumjua.

Mu Aprili 1960, miezi mitatu mbele ya uhuru, wana wake walifukua mwili hapa Elisabethville wakaurudisha Nkamba. Mji ulikuwa bado na jina la malkia.